Kombora likikosea, nani analipa diya?



Mapishi wiki hii nayaweka kando, mtanisamehe. Kuna maneno mawili yamenikaa rohoni siku nyingi na leo nataka kuyatoa: "bahati mbaya". Glasi ikimponyoka mtoto tunasema bahati mbaya. Mchuzi ukiungua huku unamnyonyesha mdogo, nayo bahati mbaya, mnaula hivyo hivyo na maisha yanaendelea. Lakini maneno haya sasa yamehamia kwa serikali zenye ndege na makombora, na tunayasikia kila bomu linapoangukia mahema ya watu waliokwisha kukimbia makwao.

Tarehe 26 Mei 2024 ndege za Israel zilipiga mahema ya Tal al-Sultan, kule Rafah. Watu wasiopungua 45 walikufa, na moto uliwakuta wengine wamo ndani ya mahema. Kesho yake waziri mkuu wao akasimama bungeni akaliita tukio lile mkosi wa kusikitisha. Vita vikaendelea kama kawaida. Sisi tulilia. Kila simu ilikuwa na picha ya Rafah, misikitini ilisomwa kunuti, na akina mama tukachangishana. Ni haki yetu kulia na sitaki mtu aniambie nimesema tusilie.

Ila nikuulizeni, kwa mapenzi: nani kati yetu anaijua Jilib?

Jilib ni mji wa kusini mwa Somalia, kwenye bonde la mto Juba. Mwaka 2011 ndio ule mwaka wa njaa kubwa; Julai 20 Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi baa la njaa katika sehemu za kusini, na watu wakawa wanahama kwa miguu kutafuta chakula, na wengine wakikimbia vita. Baadhi yao walikuwa wamepiga kambi Jilib. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 2011, mchana, mabomu yakaanguka kambini kutoka angani. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa na hospitali ya Marere karibu na hapo, walihesabu watu 5 waliokufa, watatu kati yao watoto, na majeruhi 45. Wengi wa majeruhi walikuwa watoto na wanawake, wenye vipande vya chuma mwilini.

Ndege zile zilikuwa za Kenya. Jirani yetu. Nchi tunayokwenda kununua vitambaa na kupeleka watoto chuo.

Na chanzo chake kilianzia visiwani, pwani yetu hii hii. Septemba na Oktoba 2011 watalii walivamiwa Kiwayu na Manda, huko Lamu. Mwanamume mmoja Mwingereza akauawa, mke wake akatekwa, na mama mmoja Mfaransa mwenye ulemavu akachukuliwa nyumbani kwake akafia mikononi mwa watekaji. Kisha tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka, wanawake wa Kihispania, wakatekwa katika kambi ya Dadaab. Siku tatu baadaye jeshi la Kenya likavuka mpaka, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Hapo mnione sikuficha: Kenya ilikuwa imeumizwa kweli. Lakini angalieni jambo hili. Shirika ambalo watu wake walitekwa, na utekaji wao ukatajwa miongoni mwa sababu za kwenda vitani, lilitangaza kwamba halihusiki na vita hivyo. Na wiki mbili baadaye ni shirika hilo hilo lililopokea watoto wa Jilib waliopigwa na ndege hizo, likawafunga vidonda na kuwahesabu.

Jeshi lilisemaje? Msemaji wake alikanusha. Alisema ndege zilipiga wapiganaji wa Al-Shabaab, na kwamba gari la wapiganaji likiwa linawaka moto liliendeshwa mpaka kambini, silaha zilizokuwamo zikalipuka huko. Yaani hata "bahati mbaya" Jilib haikupewa. Ilipewa gari.

Sasa niwaeleze kwa nini nayaandika haya nikiwa Buseresere, bara kabisa, ambako hakuna bahari wala karafuu. Wengine mnajua nilimfuata mume huku kwa biashara ya vipuri. Ni mji wa barabarani: upande huu Buseresere ya wilaya ya Chato, upande wa pili Katoro ya wilaya ya Geita, na mgeni hajui hata anapovuka. Pesa ya hapa inatoka chini ya ardhi. Na kifo nacho, mara nyingi, kinatoka huko huko.

Shimo la dhahabu likititia na kijana akafia chini, mwenye shimo hakukusudia, kila mtu anajua. Lakini hakuna anayemkubalia aseme "bahati mbaya" akaenda zake kulala. Atanunua jeneza au sanda. Atagharamia gari la kupeleka maiti kwao, iwe Kahama, Kasulu au Tarime. Atakaa na wazee wa familia mbele ya mwenyekiti, na kiasi kitatajwa. Sisemi haki inatendeka kila mara. Wakati mwingine kiasi chenyewe kinatia aibu, na wapo wenye mashimo wanaotoroka usiku. Lakini anayetoroka anaitwa mtorofu, na akirudi sokoni watu wanamtazama. Bodaboda akigonga mtoto ni vile vile. Kutokukusudia kunakuondolea tuhuma ya uuaji, hakukuondolei deni.

Hapa ndipo nilipofunguka macho. Wasukuma, Wahaya na Waha wa hapa, Wakristo na wasio na dini, wanaishi bila kujua jambo ambalo sisi tumesomeshwa chuoni tangu tukiwa na mikwaju ya ustadhi mgongoni. Mnakumbuka mlango wa kuua kwa kukosea? Katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ameweka hukumu ya anayemuua Muumini pasi na kukusudia: aache huru mtumwa, na awape jamaa wa marehemu diya, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe, na asiye na uwezo wa kuacha huru mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Na aya hiyo hiyo imetaja pia watu ambao kuna mkataba baina yetu na wao, nao wana diya yao. Aya nzima hiyo ni ya makosa. Anayeua kwa makusudi amewekewa aya inayofuata, na ile ni nzito zaidi.

Kwa hiyo dini yetu inalijua kosa, inalikubali kwamba lipo, na papo hapo inafungua daftari la hesabu. Serikali zetu zinafanya kinyume: neno "kosa" ndilo wanalolitumia kufunga daftari.

Kuna kisa katika sira ambacho kila nikisikia habari za kambi kupigwa kinanijia. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya Makka kufunguliwa, Khalid bin Walid alitumwa kwa kabila la Bani Jadhima. Watu wale walitaka kusema wamesilimu lakini hawakulijua neno lenyewe, wakasema neno lao, kwamba wameiacha dini yao. Khalid hakulipokea. Wakatekwa, na baadhi wakauawa. Ibn Umar, aliyekuwa katika msafara ule, alikataa kumuua mateka wake. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliinua mikono akamwambia Mola wake kwamba yeye hahusiki na alilolifanya Khalid, akalirudia mara mbili. Kisha, kama wanavyosimulia wanachuoni wa sira, akamtuma Sayyidna Ali na mali. Ali akaenda akalipa diya ya kila aliyeuawa, akalipa na mali iliyoharibiwa, mpaka chombo cha mbwa cha kunywea maji. Ilipobaki fedha akawauliza kama kuna aliyesahaulika. Hakuna. Akawaachia hata kilichobaki, kwa tahadhari, kwa ajili ya hasara ambazo labda wao wenyewe hawazijui.

Chombo cha mbwa, jamani! Na Jilib watoto watatu hawajaulizwa.

Tena muangalie: Khalid hakuvuliwa uongozi wa jeshi. Aliendelea kuongoza. Nasema hivi kwa sababu hoja ya kwanza utakayoambiwa ni kwamba jeshi likianza kukiri na kulipa, askari watavunjika moyo na adui atafurahi. Wale hawakuvunjika. Kilichofanyika ni kosa kutajwa kwa jina lake, hadharani, na mkubwa mwenyewe, kisha mtu mzito akatumwa na mfuko. Sayyidna Ali alikuwa mkwewe na binamu yake. Hakutumwa karani.

Na katika fiqhi diya ya kosa hailipwi na mkosaji peke yake. Inalipwa na akila yake, jamaa zake wa ukoo, kila mmoja fungu lake, kwa awamu. Nikilitafakari hili naona linatuhusu sana. Rubani wa ndege hakwenda Jilib kwa nauli yake. Mafuta yalinunuliwa kwa kodi, bomu kwa kodi, mshahara kwa kodi. Mama muuza mboga wa Mombasa ni akila ya rubani yule, apende asipende. Ndiyo maana siwezi kukubali anayesema mambo haya ni ya wanaume na wanajeshi. Mwenye kulipia bomu ana haki ya kuuliza limeangukia wapi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na sitaipita mbio. Wanasema wapiganaji wanajificha kambini. Ni kweli wanajificha. Al-Shabaab walikuwa wanaitawala Jilib yote wakati ule, na baadaye mji ukawa kama makao yao makuu. Hakuna mama wa hemani aliyeombwa ruhusa. Huko Kongo nako ni hivyo. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yalipiga kambi za Mugunga na Lac Vert, kando ya Goma. Siku ile walihesabiwa wafu wasiopungua 9, idadi ikapanda baadaye, na wengi walikuwa watoto. Hayo hayakutoka kwenye ndege, yalitoka ardhini, lakini hema halijui tofauti. Marekani ilisema yalirushwa kutoka ngome za jeshi la Rwanda na M23, Rwanda ikakanusha. Na watetezi wa haki za binadamu waliandika jambo jingine ambalo halisemwi sana: jeshi la Kongo na washirika wake walikuwa wameweka mizinga yao karibu na kambi zile. Unaweka mzinga nyuma ya hema la mama mwenye watoto watano, unarusha, kisha unashangaa jibu linapokuja.

Kwa hiyo wote wawili wana deni. Mkataba wa Kampala wa 2009, mkataba wa Afrika yenyewe kuhusu wanaohama ndani ya nchi zao, unataka makambi yabaki ya raia na wenye silaha wazuiwe kuingia. Sheria za vita nazo zinasema adui kujificha kwa raia hakumwondolei mpigaji wajibu wa kuangalia anapiga nini. Anayejificha anatenda dhambi yake. Anayepiga hahalalishiwi damu na dhambi ya mwenzake.

Goma, mkipima kwenye ramani, iko karibu na hapa kuliko Dar es Salaam. Watu wa ukanda huu wanajua wakimbizi ni nini bila kufundishwa. Chato yote zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, na jirani yake ni Ngara, ambako mwisho wa Aprili 1994 watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu. (Huku ukitaja Nyarugusu watu wanafikiria dhahabu, maana kuna Nyarugusu ya machimbo hapa Geita. Nyarugusu nyingine iko Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nilichukua muda kuelewa kwamba majirani wananiongelea sehemu mbili.)

Jirani yangu mmoja, mama wa Kihaya wa Misenyi, alikuwa msichana Amin alipovamia Kagera. Jeshi la Uganda liliingia kwa nguvu tarehe 30 Oktoba 1978. Angalieni tarehe: siku na mwezi ule ule wa Jilib, miaka 33 kabla. Ananiambia walikimbia kuelekea Kyaka na mama yake amebeba sufuria yenye ndizi zilizokuwa jikoni, hakuona sababu ya kuzimwaga. Walilala migombani. Ndege ikipita mama yake anawavua watoto nguo nyeupe. Nilimuuliza alikuwa anaogopa nini zaidi, askari au ndege. "Askari unaweza kumpigia magoti, mwanangu," akasema. "Ndege utaipigia nani?"

Wazee wa Mwanza nao wana kisa chao cha vita hivyo, na wanakisimulia kwa kucheka: Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala. Kinachekesha kwa sababu walikuwa swala. Kingekuwa na mahema pale, tungekisimulia kwa sauti nyingine, na tungekuwa bado tunaidai Libya mpaka leo.

Nirudi Jilib, maana bado sijamaliza nayo. Usiku wa tarehe 2 Februari 2020 kombora la Marekani lilipiga nyumba ya familia hapo hapo Jilib. Jeshi lao likatangaza limemuua gaidi mmoja. Miezi kadhaa baadaye, Julai 2020, likakiri: aliyekufa alikuwa raia, na wengine watatu walijeruhiwa. Alikuwa msichana wa miaka 18. Kukiri ni hatua, nawapa haki yao. Kenya haikufika hapo. Na bunge la Marekani limetenga mpaka dola milioni 3 kila mwaka kwa ajili ya kuwafariji watu kama hao. Lakini hadi mwisho wa 2023 hakukuwa na familia hata moja ya Somalia iliyolipwa kutoka fungu hilo. Daftari limefunguliwa, kalamu ipo, mfuko upo, na hakuna Ali.

Mtu ataniambia fedha hairudishi mtu. Hilo tunalijua zaidi sisi tunaoosha maiti. Diya haikuwekwa kuwa bei ya mtoto. Lakini fikirieni mjane wa kambini. Mume amepigwa kwenye mstari wa maji. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, na anatakiwa akae nyumbani kwake. Nyumba gani? Nyumba aliikimbia. Hema limechomwa. Atakaa eda chini ya turubai la mwanamke mwingine, mwenye mume, wanaume wanaingia na kutoka, na kuni lazima akatafute mwenyewe porini, huko wanakobakwa wenzake. Kiasi cha fedha halali, kilicholetwa na mtu aliyesema "sisi ndio tulioua, tumekuja", kingemnunulia mlango wa kufunga. Na kingempa kitu cha kuwaonyesha wanawe wakikua: kwamba baba yao hakufa kama inzi. Nadhani hili la pili ni kubwa kuliko fedha yenyewe. Usipoliandika jina lake, hujamuua binadamu, umepoteza risasi tu.

Wapo waliolijua hilo. Tarehe 4 Mei 1978 ndege na askari wa makaburu wa Afrika Kusini walishambulia Cassinga, kusini mwa Angola, walikokuwa wamekaa wakimbizi wa Namibia, wanawake na watoto wengi. Waliokufa walipita 600. Pretoria ilisema ilipiga kambi ya jeshi. Namibia ilipopata uhuru iliifanya Mei 4 kuwa sikukuu ya taifa, na inaadhimishwa kila mwaka. Diya sijasikia, lakini hakuna mtoto wa shule wa Windhoek asiyelijua jina la Cassinga. Dedebit je, huko Tigray? Januari 7, 2022 ndege isiyo na rubani ilipiga shule walikohifadhiwa waliokimbia vita, ikaua zaidi ya watu 50, usiku wa Krismasi yao Waethiopia. Nani huku kwetu alisoma dua, au aliwasha mshumaa, kwa ajili ya Dedebit?

Naona mnauliza kwa nini nang'ang'ania ya karibu wakati Gaza bado inavuja damu. Sababu moja ni kwamba waziri mkuu wa Israel hanisikii. Wa Nairobi anaweza kunisikia. Nyingine ni undugu. Bonde la Juba, Jilib ikiwa katikati yake, limejaa wazao wa watumwa waliochukuliwa bara letu karne ya 19: Wazigua, Wamakua, Wayao, Wanyasa. Wengi walipitishwa soko la Unguja, pale Mkunazini tunapopita kwenda kununua viungo, wakapakiwa majahazi ya Benadiri. Walitoroka mashambani wakajificha misitu ya Juba wakaanzisha vijiji. Wapo wanaozungumza Kizigua mpaka leo. Vita vya 1991 vilipoanza, baadhi walirudi Tanga kwa majahazi, wakapokewa Handeni, wakapewa makazi Chogo, na wengi sasa ni Watanzania wenzetu. Waliobaki Juba ndio majirani wa kambi ile. Kisiwa chetu kiliwauza, na sijui ni lini tuliwahi kuwauliza habari zao.

Sasa kuna mlango ambao mwaka 2011 haukuwapo. Machi 2024 Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mama wa Jilib na rubani wa Kenya wako nyumba moja, pamoja na sisi. Bunge la Jumuiya linakaa Arusha, kila nchi ina wabunge 9, na wa kwetu wamo pia kutoka Zanzibar. Wengine wenu mnawajua, mmekula nao pilau harusini. Waulizwe tu, kwa adabu: kambi ya Jilib ya Oktoba 30, 2011, nani aliichunguza, na ripoti iko wapi?

Na ili tusiwe watu wa kunyooshea wenzetu vidole, tuulize na nyumbani. Askari wetu wamekuwa Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu 2013, na wengine walikwenda na SADC mwishoni mwa 2023. Wamekufa huko, Aprili 2024 kombora liliua watatu, Mungu awarehemu na awape subira mama zao. Simtuhumu yeyote kwa lolote. Nauliza swali ambalo mwenye shimo wa Buseresere anaulizwa kabla hajaajiri kijana wa kwanza: ikitokea siku kombora letu limeangukia hema, kuna utaratibu? Nani atakwenda? Fungu lake liko wapi katika bajeti ya Wizara ya Ulinzi? Kama lipo, tuambiwe, tutafurahi. Kama halipo, bajeti inasomwa kila mwaka mwezi wa Mei na Juni, na wabunge wetu wanarudi majimboni kuomba kura kutoka kwetu wanawake, maana sisi ndio tunaopanga foleni.

Kwa Jilib yenyewe kuanza si vigumu kama wanavyotaka tuamini. Wale madaktari waliondoka Somalia mwaka 2013, lakini majeruhi 45 walipita mikononi mwao, na hospitali haimfungi mtu kidonda bila kuandika jina. Aliyekuwa na miaka 7 siku ile sasa ni mtu mzima. Anaweza kuulizwa mwenyewe nini kilitoka angani, na anadai nini.